Kupima kwesetini kwenye seli za saratani ya matiti: mwongozo kamili kwa anayeanza

Flavonoidi za mimea zinapendwa sana na wanafunzi wa maabara, na sababu iko wazi, unga ni rahisi kuupata, seli zipo, kipimo cha MTT (kinachotumia rangi kuonyesha seli zilizo hai) kila mtu anakijua, wiki chache tu una grafu inayoshuka vizuri na IC50 yako (dozi inayoshusha uhai wa seli kwa nusu) mkononi. Halafu siku ya kuwasilisha anatokea mtu mmoja anauliza "visima visivyo na seli vilisomaje?" (visima ni vile vishimo vya pleti ya kukuzia seli) na hapo ndo kazi nzima inaanza kuyumba. Mwongozo huu nauandika ili hilo swali likija uwe na jibu.

Tutatumia kwesetini, ile ya kwenye vitunguu na matofaa, sababu ndo inayopimwa sana na pia ndo inayodanganya sana. Ukiiweza hiyo, apijenini na luteolini na wenzake utawaweza kwa njia hii hii. Na nisieleweke vibaya, sisemi flavonoidi hazifanyi kitu kwenye seli, zinafanya, ila zina tabia tatu zinazoharibu kipimo: zina rangi, zinagawa elektroni ovyo, na hazikai salama kwenye midia (kimiminika cha kukuzia seli). Karibu kila hatua hapa chini inapambana na mojawapo ya hizo tatu.

Kuchagua seli

Usichukue aina moja ya seli kwa sababu tu ndo iliyopo kwenye friza. Saratani ya matiti siyo ugonjwa mmoja na seli zake hazifanani. MCF-7 ndo maarufu zaidi, zilitolewa mwaka 1970 kwenye maji ya kifuani ya mgonjwa, sista wa kanisa anayeitwa Frances Mallon, kule Michigan Cancer Foundation, Detroit (herufi MCF zimetoka hapo), na ripoti yake ikachapishwa 1973. Hizi zina vipokezi vya estrojeni. MDA-MB-231 hazina vipokezi vya estrojeni wala projesteroni na HER2 yake (kipokezi cha ishara za ukuaji) haijazidi, yaani ni zile za hasi tatu, kali zaidi na zinasambaa. Ukiwa na hizi mbili tayari unaweza kusema kitu cha maana. Ongeza MCF-10A ambazo ni seli za titi zisizo za saratani, ili ujue kama dawa yako (yaani kwesetini) inachagua au inaua kila inachokutana nacho. Zile MDA-MB-435 ziache kabisa, zilikuja kuonekana kuwa zinafanana na M14, seli za saratani ya ngozi, na bado kuna watu wanazitumia kama za titi.

Kabla ya kitu kingine chochote, pima mikoplazma (bakteria wadogo sana wanaochafua seli) na pata profaili ya STR ya seli zako (alama za DNA zinazothibitisha ni seli zipi). Watu wanaruka hapa kwa sababu haionekani kama kazi. Mikoplazma haionekani kwa hadubini ya kawaida, midia haichafuki, seli zinaonekana nzima tu, kumbe umetaboli wake umeshavurugwa na MTT ni kipimo cha umetaboli.

Unga na stoku

Shika chupa usome lebo. Kwesetini kavu ina uzito wa molekuli 302.24, ila nyingi inauzwa ikiwa na maji mawili kwenye fuwele na hiyo ni 338.27. Ukipima miligramu 30.2 kwenye mililita 1 ya DMSO (kiyeyushi) ukidhani una milimola 100, na chupa ni ile yenye maji, una milimola 89 hivi. Dozi zako zote zimeshapungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi na hujagusa seli bado.

Yeyusha kwenye DMSO, siyo maji, kwenye maji itakusumbua tu. Gawa kwenye vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja, funga na foili maana mwanga hauitaki, weka minus 20. Usigandishe na kuyeyusha kile kile mara kwa mara.

Sasa kuhusu dozi. Kosa la kawaida ni kuchukua stoku moja (myeyusho mzito wa kuanzia) na kuweka maikrolita nyingi kwa dozi kubwa na chache kwa dozi ndogo, hapo DMSO inabadilika pamoja na dawa na mwisho hujui kilichoua ni kipi. Fanya mgawanyo wako ndani ya DMSO yenyewe kwanza: 100, 50, 25, 12.5, 6.25 na 3.125 milimola. Kisha kila moja chukua maikrolita 2 weka kwenye mililita 2 za midia yenye joto huku unazungusha. Umepata 100 hadi 3.125 maikromola, na kila dozi ina DMSO asilimia 0.1 sawasawa. Kontroli yako (seli za kulinganishia zisizo na dawa) nayo iwe na DMSO asilimia 0.1, na weka pia visima vya midia tupu bila DMSO ujue kama DMSO yenyewe ina madhara.

Ukimaliza kuchanganya ile dozi ya 100, weka tone chini ya hadubini. Kama unaona visindano vya njano vinaelea, dawa imeganda, haijayeyuka, na hiyo dozi siyo 100 tena, ni namba tu uliyoandika kwenye tyubu. Bora ushushe dozi ya juu kuliko kuripoti kitu ambacho hakikuwepo kwenye kimiminika.

Midia siyo kitu cha kuchukulia poa

Kwa MCF-7 hapa kuna mtego. Ile rangi nyekundu ya midia, fenoli redi, mwaka 1986 ilionyeshwa kwamba ina tabia ya estrojeni kidogo, inatosha kuchochea seli za MCF-7 zikue. Na seramu ya ndama ina homoni zake. Flavonoidi nyingi zinashika vipokezi vya estrojeni, kwa hiyo ukizipima kwenye midia ambayo tayari imejaa estrojeni hutaona chochote cha upande huo. Kama swali lako linahusu homoni, tumia midia isiyo na fenoli redi na seramu iliyosafishwa kwa mkaa, anza siku mbili tatu kabla ya dawa ili seli zitulie. Kama swali lako ni sumu tu, midia ya kawaida inafaa ila andika umetumia ipi.

Jenisteini ya soya ndo mfano mzuri wa kwa nini hili ni la muhimu. Dozi za chini, chini ya maikromola 10 hivi, inachochea MCF-7 zikue. Dozi za juu inazizuia. Mtu akipima 25, 50 na 100 pekee ataandika "inazuia ukuaji" na hatakuwa amedanganya, ila nusu ya habari imebaki nje. Kwenye panya waliotolewa ovari na kupandikizwa MCF-7, chakula chenye jenisteini kilikuza uvimbe. Kwa hiyo teremka chini na dozi zako, weka hata 1 na 0.1, usikimbilie makubwa.

Kupanda seli

Fanya kazi kwenye kabineti ya usalama, hizi ni seli za binadamu, glavu na koti ni lazima. Chukua seli zikiwa zimejaa chupa kama asilimia 70 mpaka 80, zisiwe zimebanana, zikibanana zinapunguza kukua na zitakujibu tofauti. Osha na PBS (maji ya chumvi ya maabara), weka tripsini (kimeng'enya kinachobandua seli), subiri zijiachie, na MCF-7 zinapenda kutoka kwa mafungu mafungu kwa hiyo pandisha shusha pipeti taratibu mpaka zitengane, ukipanda mafungu kila kisima kitakuwa na idadi yake.

Hesabu kwa chemba na tripani bluu (rangi inayoingia seli zilizokufa tu). Tuseme wastani wa miraba minne ya pembeni ni seli 62 na umechanganya nusu kwa nusu na rangi: 62 mara 2 mara 10,000, ni seli milioni 1.24 kwa mililita. Unataka seli 8,000 kwa kila kisima ndani ya maikrolita 100, yaani 80,000 kwa mililita. Tengeneza mililita 8 kwa pleti moja, zitoshe na za ziada: unahitaji seli 640,000, ambazo ni mililita 0.52 ya seli zako na midia 7.48. Changanya tena kila baada ya safu moja, seli zinazama chini haraka kuliko unavyofikiri na safu ya mwisho inakuwa na chache.

Tumia visima 60 vya katikati kwenye pleti ya 96. Vile vya pembeni vinakauka mapema, jaza PBS tu. Iache pleti kwenye meza dakika 15 hivi kabla ya kuingiza inkubeta, seli zitatua kwa usawa badala ya kujikusanya ukingoni. Ziache zishike usiku mzima, nyuzi 37 na CO2 asilimia 5.

Idadi ya 8,000 siyo amri. Kama unakwenda masaa 72 punguza, zikijaa kisima kabla ya muda kontroli yako inaacha kukua na dawa itaonekana dhaifu. Jaribu idadi tatu nne kwanza bila dawa, uone ipi bado inapanda mstari ulionyooka mpaka siku ya mwisho.

Siku ya dawa

Siku ya kupanda seli, panda pleti mbili. Moja ni ya dawa. Ya pili ni ya saa sifuri, inasomwa siku ile ile unayoweka dawa, na nitaeleza chini kwa nini nailazimisha.

Toa midia ya zamani, weka maikrolita 100 za midia yenye dozi, visima vitatu mpaka sita kwa kila dozi. Weka kontroli chanya, yaani dawa ya saratani inayojulikana kufanya kazi, doksorubisini kwa mfano, na kwa MCF-7 tamoksifeni inaleta maana. Doksorubisini ni sumu, taka zake zitupe kwenye chombo chake.

Na sasa vile visima vyenyewe: kwa kila dozi weka visima visivyo na seli kabisa, midia na dawa tu, dozi zile zile, pleti ile ile, muda ule ule. Ndiyo, vinakula nafasi. Punguza marudio ya dozi usipunguze hivi.

MTT na mahali inapodanganya

Kipimo hiki alikileta Tim Mosmann mwaka 1983. Seli hai zinageuza MTT ya njano kuwa fomazani ya zambarau, unayeyusha, unasoma rangi. Kinachogeuza ni elektroni kutoka kwenye umetaboli wa seli. Kwesetini nayo inagawa elektroni, ndo sifa yake kubwa, ndo maana inaitwa antioksidanti. Kwa hiyo weka kwesetini na MTT kwenye kisima kisicho na seli hata moja, subiri, na kisima kinageuka zambarau. Hakuna kitu hai humo ndani lakini mashine inakusomea kama seli zipo. Matokeo yake ni kwamba dozi kubwa zinaonekana salama kuliko zilivyo, au grafu inashuka halafu inapanda mkia mwishoni, na watu wanaanza kutunga nadharia za seli kupata usugu.

Namna ya kupunguza: toa midia yenye dawa, osha taratibu sana mara moja kwa PBS yenye joto, elekeza ncha ya pipeti ukutani siyo chini. Kisha weka maikrolita 100 za midia isiyo na fenoli redi yenye MTT miligramu 0.5 kwa mililita (stoku ni miligramu 5 kwa mililita kwenye PBS, iliyochujwa, iliyofichwa mwanga). Masaa matatu kwenye inkubeta. Ukiangalia kwa hadubini utaona visindano vya zambarau vimechomoza kwenye seli kama miiba. Toa kimiminika, weka DMSO maikrolita 100, tikisa dakika 10, soma kwa nanomita 570 na utoe usomaji wa 650.

Kuosha kunasaidia ila kuna gharama, seli zilizolegea zinaondoka na maji, na kisima kikionekana tupu hujui kama zilikufa au umezimwaga. Ndo maana napendekeza kipimo cha pili kisichotegemea umetaboli. SRB ni nzuri, inapaka protini za seli zilizoshika chini, haijali elektroni. Au hesabu seli kwa mkono na tripani bluu kwa dozi mbili tatu tu. MTT na SRB zikipishana sana, mimi ningeiamini SRB.

Peroksaidi

Tabia ya tatu. Flavonoidi kama kwesetini ikiingia kwenye midia ya kawaida kama DMEM, nyuzi 37, inaanza kuoksidika yenyewe, na katika kuoksidika inazalisha haidrojeni peroksaidi. Kundi la Barry Halliwell lilionya kuhusu hili jambo la polifenoli (kundi kubwa lenye flavonoidi ndani yake) kwenye midia tangu mwaka 2000. Utaiona kwa macho, midia yenye dozi kubwa inatoka njano safi inaelekea kahawia kadiri masaa yanavyokwenda. Kwa maana hiyo seli zako zinaweza kuwa zinakufa kwa peroksaidi iliyotengenezwa kwenye kimiminika, kitu ambacho hakina uhusiano na mmea wala saratani.

Kujua ni rahisi: rudia dozi zako ukiwa umeongeza katalasi kwenye midia, kimeng'enya kinachovunja peroksaidi. Kama sumu inapotea au inapungua sana, umeshajua muuaji ni nani. Kama inabaki vile vile, hoja yako imepata nguvu kubwa. Na weka dawa mara tu ukimaliza kuichanganya, usiiache kwenye tyubu mezani unakwenda kula.

Hesabu

Asilimia ya uhai ni usomaji wa dozi ukitoa usomaji wa kisima kisicho na seli cha dozi hiyo hiyo, gawa kwa kontroli ukitoa tupu yake (kisima kisicho na seli wala dawa), mara 100. Chukua mfano wa namba: kontroli 1.10, tupu yake 0.06, dozi ya 100 inasoma 0.62. Ukitumia tupu ya kontroli unapata 0.56 gawa 1.04, ni asilimia 54. Ila kama kisima kisicho na seli chenye 100 kilisoma 0.25, basi ni 0.37 gawa 1.04, asilimia 36. Seli zile zile, siku ile ile, na IC50 imehama.

Sasa ile pleti ya saa sifuri. Tuseme baada ya kutoa tupu, saa sifuri ilikuwa 0.40, baada ya masaa 72 kontroli ni 1.20 na yenye dawa ni 0.60. Uhai ni asilimia 50, na wengi wataandika "iliua nusu ya seli". Angalia tena. Zilianza 0.40 zikafika 0.60, yaani zimeongezeka, dawa imepunguza mwendo tu. Ingekuwa 0.25, chini ya pale zilipoanzia, hapo ndo unaweza kuzungumzia vifo. Bila saa sifuri huwezi kutofautisha kuzuia ukuaji na kuua.

Marudio ya kweli ni siku tofauti, pasaji tofauti (awamu ya kuhamishia seli chupa mpya), dawa imechanganywa upya, angalau mara tatu. Visima sita vya pleti moja ni n moja. IC50 itafute kwa kuchora dozi kwa logi na kuweka mkunjo wa dozi na jibu, siyo kwa rula, na kama dozi yako ya juu haikufika asilimia 50, andika IC50 ni kubwa kuliko hiyo dozi, usivute mstari hewani. Kisha gawa IC50 ya MCF-10A kwa IC50 ya seli za saratani, ukipata karibu na 1 dawa yako haichagui. Ila kumbuka MCF-10A zinakuzwa kwenye midia yake tofauti na peroksaidi inaweza isilingane, kwa hiyo ulinganisho huo uangalie kwa jicho la tahadhari.

Ukitaka kusema apoptosisi (seli kujiua kwa mpangilio)

Anneksini V na PI (alama za seli zinazokufa na zilizokufa) kwenye flosaitometa (mashine inayosoma seli moja moja), pamoja na mzunguko wa seli kwa PI baada ya kuzihifadhi seli kwa ethanoli, vinatosha kuanzia. Kusanya na zile zinazoelea, usimwage midia, waliokufa wako humo. Halafu jambo linalowaumiza wengi: MCF-7 hazina kaspasi-3 (kimeng'enya kinachokata protini seli inapojiua), jeni lake lina pengo la besi 47. Ukitafuta kaspasi-3 iliyokatwa hutaiona, na ukitafuta ile ngazi ya vipande vya DNA nayo kwa kawaida hutaipata, hata kama seli zinakufa kwa apoptosisi mbele ya macho yako. Tafuta kaspasi-7 na PARP iliyokatwa (protini inayokatwa na kaspasi), au hamia MDA-MB-231 kwa hilo swali. Ukiona kazi inaonyesha kaspasi-3 iliyokatwa inang'aa vizuri kwenye MCF-7 za kawaida, anza kuuliza kuhusu profaili ya STR.

Ukifika kwenye mjadala

IC50 ya kwesetini kwa seli hizi mara nyingi inaangukia makumi ya maikromola. Kwenye damu ya mtu anayemeza hata gramu 1 kwa siku, jumla yake inazunguka maikromola moja au mbili, na sehemu kubwa imeshafungwa na glukuronidi na salfeti huko kwenye utumbo na ini, siyo ile uliyoweka kwenye kisima. Liandike hilo bila kulificha, na usiandike kwamba kula vitunguu kunatibu saratani. Mgonjwa akikuuliza kuhusu vidonge vya kwesetini mwambie aongee na daktari wake wa saratani kabla hajameza, maana kwenye vipimo vya maabara inagusa vimeng'enya na pampu zinazoshughulika na dawa nyingi. Kwa mtu anayetumia tamoksifeni na anawaza vidonge vya jenisteini ni zaidi, kwenye panya jenisteini ilipunguza nguvu ya tamoksifeni.

Kwenye sehemu ya mbinu weka aina ya unga na uzito wake wa molekuli, asilimia ya DMSO, midia na seramu, pasaji, idadi ya seli kwa kisima, usomaji wa visima visivyo na seli kwa kila dozi kama jedwali la nyongeza, na matokeo ya katalasi hata kama hayakupendezi.